Tuliwapa bati, tukasahau waya

Najua nimepotea. Niliahidi kwamba nikimaliza mazoezi ya kufundisha ningewaletea stori za kidato cha pili walivyonitoa jasho, ila hizo zitasubiri. Leo nina jambo moja tu, ni refu kidogo, na mwishoni najua kuna watu watanuna. Naomba mnivumilie.

Jumatatu kwenye ubao wa matangazo nje ya kafteria kumebandikwa karatasi ya njano. Kuna kikundi cha maombi hapa chuoni kinataka kutumia likizo kwenda kujenga nyumba za watu walioezuliwa na upepo. Mchango ni shilingi 25,000 kwa kichwa, na ndani yake kuna usafiri, chakula na fulana. Jamaa zangu wawili wa chumbani wameshajiandikisha. Jioni wakaniuliza, wewe mtu wa kwaya, mtu wa kujitokeza kwenye kila kitu, mbona ulisoma lile tangazo ukaondoka kimya kama hujui kusoma?

Sikuwajibu usiku ule. Nawajibu hapa, pamoja na ninyi wengine wote.

Sina tatizo na kujitolea. Tatizo langu ni kwamba mwaka jana, 2025, nilienda kujitolea, nikajenga, nikapigwa picha nikiwa juu ya kenchi na nyundo mkononi, na kazi niliyoifanya ikaja kumuumiza mtoto. Ndo maana nilikaa kimya.

Ngoja nianze mwanzo.

Wengi mnajua kwetu ni Tunduma. Mkisikia Tunduma mnawaza foleni ya malori ya kwenda Nakonde, kwacha mkononi, vumbi, na kelele za mpakani usiku kucha. Ni kweli, ndo mji wetu huo. Lakini ukitoka mjini ukaiacha lami, ukaingia ndani huko wilaya ya Momba, unakuta nchi nyingine kabisa. Mahindi, ng'ombe, nyumba za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, na juu ya mabati watu wamepanga mawe. Nikiwa mdogo nilidhani yale mawe ni urembo wa huko. Kumbe ni hofu ya upepo.

Kwa wasiojua hali ya hewa ya kwetu, mkoa wa Songwe una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili. Kabla ya hapo ni miezi mingi ya ukavu, ardhi imechemka. Basi zile mvua za kwanza haziji kwa upole. Zinatanguliwa na upepo, na kila mwaka utasikia shule fulani imeezuliwa, zahanati fulani imeezuliwa, kaya kadhaa zimelala nje.

Novemba 2024 ilikuwa zamu ya kijiji kimoja ambacho sitakitaja, maana watu wake hawajaniomba niwaandike. Nyumba nane zilipoteza mapaa kwa jioni moja. Umoja wa vijana wa kanisa letu tukaguswa, tukaanza kuchanga. Tuliimba, tukauza maandazi, tukazunguka na bahasha. Ilichukua miezi tisa. Miezi yote hiyo wenye nyumba walikuwa wamejibanza kwenye majiko ya nyasi na chini ya maturubai, na msimu mzima wa mvua ukapita juu ya kuta zao zikiwa wazi. Nalisema hili mapema ili msidhani kosa letu lilianza siku ya ujenzi.

Agosti 2025 nikawa nimemaliza mazoezi ya kufundisha, nimerudi nyumbani. Tukaondoka vijana arobaini kwa Fuso, na nyuma yetu kuna mabati, mbao, misumari, magunia ya mchele na spika za kwaya. Mimi nilikuwa katibu mhasibu. Daftari la matumizi lilikuwa langu. Kumbukeni hapo, daftari lilikuwa langu.

Kule tulimkuta fundi wa kijiji, mzee wa miaka sitini na kitu, mtu wa maneno machache. Alishajenga nusu ya nyumba za pale. Sisi tulikuwa tumepanga awe msaidizi wetu, hebu fikirieni, watoto wa mjini tumekuja na fundi wetu mmoja kijana na "wahandisi" arobaini ambao wengi wetu tulikuwa hatujawahi kushika timazi. Siku ya kwanza nilijenga kona ya ukuta ambapo nyufa zilikuwa zimezidi. Yule mzee alisubiri tukaenda kula, akaibomoa polepole, akaijenga upya. Tuliporudi hakusema kitu. Nami sikusema kitu. Tukaendelea.

Siku ya tatu tukaanza kupandisha kenchi kwenye nyumba ya bibi mmoja anayeishi na wajukuu watatu. Mzee akanifuata na kofia yake mkononi.

"Mwalimu, waya uko wapi?"

"Waya gani, mzee?"

"Wa kufungia kenchi na ukuta. Upepo wa huku hauchukui bati moja moja. Unachukua paa zima."

Nikafungua daftari, kama vile jibu litakuwa humo. Waya ulikuwa haumo. Yaani ulikuwepo kwenye orodha ya kwanza kabisa, ambayo yule fundi wetu kijana aliitoa, na mimi mwenyewe kwa kalamu yangu nikaukata tulipoona hela inabana. Nikamwambia, "Mzee, bajeti imeisha. Tutaongeza misumari ya inchi sita, itashika."

Akautazama ukuta. Akanitazama mimi. Akasema, "Haya. Ninyi ndio wenye bati."

Wakati ule nilisikia kama amekubali. Leo nikiyakumbuka maneno hayo natamani ardhi inimeze. Mzee hakuwa amekubali chochote. Alikuwa ananieleza utaratibu wa dunia ulivyo, kwamba mwenye kitu ndiye mwenye sauti, na anayepewa hachagui hata kama anajua kuliko anayempa.

Tukamaliza nyumba zote nane kwa wiki mbili. Jumapili ikaja ibada ya makabidhiano. Viongozi walikuja, pilau ikapikwa, kwaya ikaimba, bibi akacheza mpaka kitenge kikamfunguka. Sisi vijana tulikuwa tumeandika majina yetu kwa maka peni upande wa ndani wa mabati, kila mtu kwenye bati alilogongelea, ili wajukuu wakilala wawe wanatusoma. Tuliona ni jambo zuri sana. Nikaweka picha, nikapata pongezi nyingi, na baadhi zilikuwa zenu.

Novemba 2025 nikiwa hapa Iringa, asubuhi mapema, simu ikaita. Yule fundi.

"Mwalimu, hujambo. Usishtuke sana. Paa la bibi limeondoka."

Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Lakini mjukuu wa kati, binti wa miaka tisa, alikuwa anakimbilia ndani, kipande cha bati kikamkata mguuni. Nyuzi saba zahanati. Mzee akanitumia picha. Paa lote liko kwenye shamba la jirani, limegeuka tumbo juu, kenchi, papi na mabati vyote pamoja kama lilivyopandishwa. Karibu mabati yote yalikuwa bado yameshika, isipokuwa la pembeni lililojikunja. Na kwa kuwa lilikuwa limegeuka, majina yetu yalikuwa yanasomeka vizuri kabisa. Langu pia.

Nataka muelewe hiyo picha inasema nini kifundi. Misumari yetu ilifanya kazi vizuri sana! Bati lilishikana na papi, papi ikashikana na kenchi. Kilichokosekana ni kitu cha kushikanisha paa na ukuta. Tulitengeneza kofia nzuri, imara, halafu tukaiweka tu juu ya kichwa.

Sasa sikilizeni aibu yenyewe. Mimi nasomea ualimu wa fizikia na hisabati. Kidato cha tano nilisoma kanuni ya Bernoulli, yule Mswisi aliyechapisha kitabu chake mwaka 1738, na mtihani nilijibu nikapata zote. Chukueni sasa hivi kipande chembamba cha karatasi, kishikeni chini ya mdomo, halafu pulizeni kwa juu. Karatasi haishuki, inapanda. Hewa inayokwenda kasi juu ina mgandamizo mdogo kuliko ile iliyotulia chini. Paa ni hivyo hivyo. Upepo unapita juu unalivuta, na kama mlango au dirisha liko wazi unaingia ndani na kulisukuma kutoka chini. Kinachozuia paa lisiruke ni uzito wake na kile kilicholifunga. Paa la bati ni jepesi. Kwa hiyo kimebaki kile kilicholifunga.

Hayo yote niliyajua. Niliyajua kwa Kiingereza, kwa ajili ya karatasi ya mtihani. Yule mzee alikuwa anayajua kwa mikono yake, kwa ajili ya nyumba. Tulipokutana, mwenye daftari akashinda.

Na njia ya kuzuia sio ya ajabu wala sio ya gharama. Unapojenga ukuta, kozi kama tano kabla ya kufika mwisho unalaza waya katikati ya tofali na kuacha ncha zake zikining'inia pande mbili. Ukifika juu unazifunga kwenye kenchi, unakaza. Upepo ukitaka kubeba paa sasa inabidi ubebe na zile kozi tano za tofali. Kama ukuta umeshasimama kama zile zetu, unatoboa tundu chini kidogo, unapitisha waya, na upande wa ndani unaweka kipande cha nondo ili usikate tofali. Pembeni na kwenye kilele, ambako ndiko upepo unakoanzia kung'oa, unaongeza misumari. Ukiweza, unaezeka paa la migongo minne badala ya miwili, maana lile linaupitisha upepo vizuri zaidi, na usiache bati lijitokeze sana nje ya ukuta. Na unapanda miti upande upepo unakotokea, mbali kidogo na nyumba. Basi.

Mzee alikadiria kilo nne za waya kwa nyumba. Nyumba nane, kilo 32. Kwa bei ya Tunduma wakati ule, shilingi 5,000 kwa kilo, inakuja 160,000. Nililirudia daftari langu baada ya ile simu. Mstari wa chini kidogo ya pale nilipokata waya kuna fulana arobaini kwa shilingi 12,000 kila moja. Jumla 480,000.

Sitaongeza neno hapo. Hesabu mnazijua.

Najua mtakayosema, maana nilishaambiwa. La kwanza, kuna ndugu aliniambia, "Upepo ni wa Mungu, ninyi mlifanya kwa moyo safi, usimpe shetani nafasi akukatishe tamaa." Nampenda huyo ndugu, lakini hapa nakataa. Hebu fungueni Kumbukumbu la Torati 22:8. Pale anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukingo kwenye dari lake, ili mtu akianguka kutoka juu damu isiwe juu ya nyumba yake. Nimesoma Biblia tangu Sunday school na mstari huo sijawahi kusikia ukihubiriwa siku ya makabidhiano ya nyumba. Haumuulizi mjenzi kama moyo wake ulikuwa safi. Unamuuliza kama aliweka ukingo. Kwetu sisi watu wa upepo, ukingo ni waya.

La pili, mtasema kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Mara nyingi ni kweli. Kilo kumi za unga ni bora kuliko hakuna. Lakini paa sio unga. Paa nusu nusu sio nusu ya msaada, ni kitu kizito chenye makali kilichoning'inia juu ya watoto waliolala. Na tena bibi alikuwa na akiba yake ndogo ya kununulia mabati machache kidogo kidogo. Tulipokuja akaitumia kwenye ada na mbolea, akijua nyumba imekwisha. Kwa hiyo tulipoondoka tuliondoka na mpango wake pia.

La tatu, mtasema ninyi wanafunzi mngejua wapi, hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli serikali ina wajibu. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na kamati za maafa zinatakiwa kuwepo mpaka ngazi ya kijiji. Lakini swali langu ni hili: sisi tulipofika pale, tuliitafuta hiyo kamati? Tuliuliza kama kuna mtu wa ujenzi halmashauri anayeweza kuja kutazama? Hatukuuliza. Tulimuuliza mtendaji mahali pa kuegesha Fuso.

Na msidhani ni kijiji kimoja tu. Angalieni maafa tuliyoyaona wenyewe miaka ya karibuni. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likaingia Katesh na vijiji vya jirani, watu 89 wakafa. Baadaye serikali ilipojenga nyumba za waathirika haikuzirudisha palepale kwenye njia ya tope. Zilijengwa nyumba 109 mahali pengine, Waret. Watu walilalamika kuhusu mambo mengi, na kuhama sio jambo dogo, lakini hatua ya kwanza ilikuwa sahihi: ujue kwanza kilichoibomoa nyumba, ndipo ujenge. Aprili 2024 ilikuwa hapa karibu yetu zaidi, Mbeya mjini, tope la Mlima Kawetere likafukia nyumba na shule kata ya Itezi. Pale mtu angekuja na mabati mazuri kuliko yote Tanzania, angekuwa amekuja na jibu la swali lingine.

Kagera nako, lile tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lenye ukubwa wa 5.9. Watu wakaliogopa tetemeko, lakini tetemeko lenyewe halimwangukii mtu. Kinachomwangukia ni ukuta. Majirani zetu wa Malawi walijifunza hilo mapema. Baada ya matetemeko ya Karonga ya Desemba 2009, ambayo ni ng'ambo tu ya mto Songwe ukitokea Ileje na Kyela, serikali yao ilitoa mwongozo wa kujenga nyumba salama ulioandikwa kwa ajili ya mafundi wa kawaida na wanakijiji. Sio kwa maprofesa, kwa mtu kama yule mzee wangu. Na mwaka 2015 nchi za dunia zilikutana Sendai, Japani, zikakubaliana kwamba ukijenga baada ya maafa ujenge vizuri kuliko kilichoanguka. Kumbe jambo lenyewe linajulikana Japani, linajulikana Malawi, na linajulikana kwa fundi mmoja wa Momba mwenye kofia mkononi. Aliyekuwa halijui ni katibu mhasibu.

Nimejiuliza sana kwa nini nilikata waya na sio fulana. Sikuwa na roho mbaya, na wala hakuna aliyenilazimisha. Nadhani ni kwa sababu waya hauonekani. Ukishafungwa unaingia ndani ya ukuta, unapigwa lipu juu, hakuna atakayeupiga picha. Bati linang'aa. Fulana inasomeka. Hata sisi walimu tunaosomea hii kazi tuna ugonjwa huo huo. Mkaguzi akija darasani kwenye mazoezi ya kufundisha tunajaza ukuta kwa zana za rangi, na andalio la somo limeandikwa kwa mwandiko wa harusi. Lakini wote tunajua kwamba mwisho wa andalio kuna sehemu ya tathmini, na hiyo ndo huwa tunaijaza haraka haraka tukiwa tunatoka: "somo limeeleweka." Nani kasema limeeleweka? Sisi kule Momba tathmini yetu ilikuwa pilau ya Jumapili. Tathmini ya kweli ilikuja Novemba, na sisi hatukuwepo. Alikuwepo binti wa miaka tisa.

Kwa hiyo kwa wale waliojiandikisha kwenye ile karatasi ya njano, sisemi msiende. Nendeni. Ila nina maombi manne, na nitayasema pia kwenye kikao chenu kama mtaniruhusu kuingia.

Kwanza, kabla ya kununua hata msumari, tumeni watu wawili waende wakamuulize mwenye nyumba na fundi wa pale swali moja tu: nyumba hii iliangushwa na nini? Jibu lake ndo liwe mstari wa kwanza wa bajeti, na usikatwe na mtu yeyote.

Pili, fundi wa kijiji awe ndo mkubwa wa kazi na alipwe. Sisi tuwe saidia fundi. Kubeba tofali, kusomba maji, kukoroga udongo, hizo ndo kazi tunazoziweza, na hazina aibu. Mkiondoka yeye anabaki, na vijana wa pale waliojifunza kwake wanabaki.

Tatu, wekeni pembeni nauli ya watu wawili kurudi baada ya mvua za kwanza. Sio kwa ajili ya picha. Kwa ajili ya kutazama juu.

Nne, fulana ziondoke. Najua hapa ndo mnanuna. Vaeni nguo zenu za zamani, zitachafuka vilevile.

Nimalizie na jambo ambalo ndo linaninyima usingizi, sio paa la bibi. Lile kijiji kimeshasaidiana nalo, mzee ameyanyoosha mabati yaliyofaa, wameezeka chumba kimoja, na safari hii amefunga. Kinachoninyima usingizi ni kwamba tulijenga nyumba nane. Moja imeezuliwa. Saba bado zimesimama, zinapendeza, wenyewe wanatuombea, na zote saba zimejengwa kwa daftari lilelile. Mvua kwetu zinakwenda mpaka Aprili, na Novemba zitaanza tena.

Niliwaambia wenzangu wa umoja wa vijana. Mwanzoni walikasirika, wakaona nawachafua. Mmoja aliniuliza kama nataka tutangaze kanisani kwamba tuliwajengea watu mitego. Nikamwambia ndiyo, kwa maneno hayohayo kama hapati mengine. Kilichobaki ni kwenda kuwaambia wenye nyumba, na hilo halifanyiki kwa ujumbe wa simu. Nilimpigia bibi kumuomba radhi. Nikasema shikamoo, sauti ikakwama. Akasema, "Marahaba mjukuu wangu. Mguu umepona, anakimbia. Wewe soma, halafu uje ufunge hizo nyingine." Basi. Hakunilaumu, na hakuniambia si kitu.

Likizo ikifika napanda basi la Tunduma. Tupo watano mpaka sasa, tunahitaji kilo 28 za waya, vipande vya nondo, na posho ya fundi kwa siku saba, nyumba moja kila siku. Boom likitoka nitaanza na langu. Hatutaimba, hatutakabidhi kitu, na hakutakuwa na picha, maana waya ukishafungwa hauna cha kupiga picha. Mwenye kutaka kuchangia au kuja kubeba ngazi anakijua chumba changu, na kama sipo nitakuwa pale vimbwetani nahangaika na hisabati.

Wale wa kidato cha pili nitawaleta wiki ijayo, nikijaliwa. Tupo pamoja.